Moto wa Buluu, Sehemu ya Saba: Kipima Kilichonyamaza

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, ndani ya hadithi ilikuwa Alhamisi mchana, na mkono wa Mama Gesi ulikuwa mfukoni mwa ovaroli na haukutaka kutoka.

Mbele yake, ukingoni mwa shimo la mtambo, mdogo wake alikuwa amelazwa chali juu ya turubai, buti miguuni, mdomo wazi. Watu wote walimwita Pampu, kwa sababu ndiye aliyezitunza pampu za mahali pale. Wanaume wawili wa machinjioni walikuwa wamemvuta juu kwa kamba. Sasa walisimama wakiangalia mikono yao wenyewe.

Kwa uliyetukosa wiki ile, jua haya tu. Mtambo unapokea uchafu wa machinjio na wa vyoo vya soko, unauvundika kwenye tanki, unatoa gesi ya kupikia. Gesi inakwenda kwa bomba hadi nyumba mia mbili na jiko la shule. Mama Gesi ndiye fundi mkuu. Ndiye pia aliyezunguka mlango kwa mlango miaka miwili, akiwabembeleza watu waikubali. Jina walimpa kwa kejeli, likamganda.

Na mle mfukoni alikuwa amekibana kipima gesi. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, na kazi yake ni moja tu: kulia hewa ikichafuka. Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake juu ya shimo. Alikichomoa kabla mtu hajakiangalia.

Kilikuwa kimezimwa. Na aliyekizima ni yeye.

"Umeficha nini, wifi?"

Mke wa Pampu alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe. Alikuwa hajalia bado. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa ovaroli.

"Simu," alisema Mama Gesi.

Simu yake ikaita. Ilikuwa juu ya ndoo, hatua tano kutoka pale walipokuwa, ikiita na kutetemeka kwenye plastiki mbele ya macho ya watu wote.

Wifi aliitazama simu. Kisha akautazama tena mfuko.

"Toa mkono," alisema.

Gari lilisimama nje ya uzio kwa kishindo. Meneja wa mtambo aliruka chini kabla injini haijazimika, tai begani, akipiga makofi kama anayefukuza kuku.

"Wote nje. Nje ya uzio. Mama, samahani sana kwa msiba, nje."

"Huyu ni mume wangu."

"Ndiyo maana nakuomba, mama, wala sikuamrishi."

Walimwondoa wakimshika mikono. Alikwenda kinyumenyume, na mpaka geti linafungwa alikuwa anamtazama wifi yake mfukoni.

Meneja hakuuangalia mwili. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki kuu, ile nyekundu, akaizungusha kwa mikono miwili mpaka mwisho. Muda ule ule nyumba mia mbili zikabaki na sufuria za vitu vibichi, na katika jiko la shule moto ukafa chini ya chakula cha watoto mia sita.

"Njoo ofisini," alimwambia Mama Gesi. "Na hicho kitu chako."

* * *

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni mbovu, na bango kubwa la mwanamke anayecheka mbele ya moto wa buluu.

"Kimezimwa?" Meneja aliuliza.

"Unajua kimezimwa. Wewe ndiye uliyesema kizimwe."

"Nilisema kizimwe wageni wakiwepo."

"Wageni wapo kila siku."

Hilo lilikuwa kweli. Miezi mitatu iliyopita akina mama arobaini wa mtaa wa juu walikuja kuona gesi inavyotengenezwa. Walifika kwenye shimo, kipima kikalia. Kililia kidogo tu, kama kilivyo kawaida mtu akikoroga uchafu. Wale akina mama walitimua mbio. Wawili walianguka, mmoja alifika kwake na kiatu kimoja. Jioni ile mji mzima ulikuwa unajua kwamba chini ya mtambo kuna kitu kinalia kama mtoto mchanga.

Nyumba kumi na tisa zilirudisha majiko wiki ile.

Basi ikatoka amri. Wageni wakija, kipima kizimwe, lakini kiachwe palepale msumarini, mtu asije akauliza kimekwenda wapi.

Mama Gesi alikubali. Si mara ya kwanza kukubali. Watu waliposema chakula kinanuka mayai mabovu, ni yeye aliyeleta kichujio cha vyuma vya kutu, harufu yote ikaisha, akapigiwa vigelegele. Waliposema wanaogopa tanki, alilipaka rangi ya maua. Alikuwa tayari kufanya lolote lililowafanya watu wasiogope.

"Niambie ilivyokuwa leo," Meneja alisema.

"Wageni walikuja saa tatu. Nikakizima. Walipoondoka nikaitwa mtaa wa juu, jiko linavuja. Nilisema nikirudi nitakiwasha. Bomba la chini likaziba. Pampu akakiangalia kipima. Hakilii. Akashuka."

"Hakuangalia taa ya kipima?"

"Saa sita mchana, jua kali, nani anaiona taa ya ukubwa wa punje ya mtama? Mimi ndiye niliyemfundisha. Kikilia, kimbia. Kikinyamaza, shuka. Aliyasema hayo kila asubuhi akivaa buti, kama wimbo."

Meneja alifungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa imeshachapwa. Mtu alikuwa amekufa saa moja na nusu tu, na karatasi imeshachapwa.

Mama Gesi aliisoma hadi mstari wa nne.

"Pombe?"

"Alikuwa mnywaji."

"Aliacha. Mwaka mmoja na miezi minne."

"Aliwahi kunywa. Watu watakumbuka alivyokuwa. Hawahesabu miezi."

"Ni mdogo wangu huyu unayemwandika."

"Amekufa," Meneja alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Mtambo haujafa. Jumatatu kuna mkutano shuleni, watapiga kura kama ufungwe au uendelee. Ukisema kipima kilizimwa, kilizimwa na sisi ili wao wasiogope, hakuna mkono hata mmoja utakaonyanyuka kwa ajili yetu. Si hapa tu. Kila mji unaofikiria mtambo kama huu utasikia. Watarudi kwenye mkaa wote. Uliniambia mwenyewe mama yako alikuwa anakohoa damu kabla ya jiko la gesi."

"Si damu."

"Uliniambia damu."

Ni kweli alimwambia damu. Meneja alimsogezea kalamu.

"Weka saini, au usiweke. Lakini Jumatatu usifungue mdomo. Kwa sababu ukifungua, swali la kwanza litakuwa ni kidole cha nani kilichobonyeza."

Mama Gesi hakuweka saini. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko uleule wenye kipima, akatoka nje. Alidhani hilo ni jambo la ujasiri. Alipofika getini akajua kwamba kukaa kimya ni saini ileile bila wino.

* * *

Walimzika kesho yake, Ijumaa. Kabla kaburi halijafukiwa, maneno yalikuwa yameshatangulia.

"Wanasema alikutwa na chupa."

"Chupa ya nini, shimoni?"

"Chupa ni chupa. Angekuwa na akili zake angeshuka mle?"

Mke wa Pampu aliyasikia yote hayo, amesimama, mtandio mdomoni. Alimngoja Mama Gesi njiani wakati wa kurudi, akamshika kiwiko.

"Wewe ulikuwa mkubwa wake kazini. Alikuwa amekunywa?"

"Hakunywa."

"Una uhakika?"

"Naapa."

"Basi Jumatatu utasimama uyaseme hayo hayo uliyoniambia mimi."

Mama Gesi alitazama mbele, kwenye migongo ya watu.

"Nimekuuliza kitu, wifi."

"Nimekusikia."

"Kusikia hata ukuta unasikia." Aliachia kiwiko. "Mwanangu ameniuliza leo asubuhi kama baba yake alikuwa mlevi. Ana miaka tisa. Ameambiwa na wenzake. Nimemwambia angoje Jumatatu, shangazi yake atasema."

Akaenda zake.

Jumapili Mama Gesi alikwenda kwa mama yake. Alisikia harufu ya mkaa kabla hajafika mlangoni.

Jiko la gesi lilikuwa limetolewa nje, limegeuzwa miguu juu karibu na pipa la maji. Mama yake alikuwa ameinamia jiko la zamani, anapepea kwa kifuniko cha sufuria, macho mekundu, kifua kikikwaruza kama msumeno.

"Mama, moshi huo."

"Nauona."

Ngoja niwaambie kuhusu lile jiko lililogeuzwa. Mwaka mzima mama yule aligoma kabisa. "Mimi sili chakula kilichopikwa na choo," alikuwa akisema, na binti yake fundi mkuu alishindwa kumgeuza kwa vipeperushi wala kwa maelezo. Aliyemgeuza ni Pampu. Siku moja alilileta jiko begani, akaliunga, akapika, akala sahani nzima mbele yake amesimama. "Mama," alisema akilamba vidole, "nikifa utaona."

Mama alicheka siku ile hadi akakaa chini. Toka hapo hakugusa mkaa tena.

"Kaa," alisema sasa.

Mama Gesi alikaa kwenye ndoo.

"Nimemzaa mwenyewe yule," mama alisema, bila kuacha kupepea. "Mnywaji nilimjua. Akinywa sikio la kushoto linakuwa jekundu. Alhamisi asubuhi alipita hapa akanywa uji. Sikio lilikuwa sikio. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Mwanangu amekufa kwa nini?"

Mama Gesi alifungua mdomo aseme hewa, aseme ajali, aseme wanachunguza. Badala yake alitoa kipima, akakiweka juu ya kifuniko cha ndoo nyingine katikati yao.

"Hiki kilitakiwa kulia. Kilikuwa kimezimwa."

"Nani alikizima?"

"Mimi."

Kifuniko cha sufuria kilisimama hewani. Kisha kikaendelea kupepea, polepole zaidi.

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanakiogopa."

Upepo uligeuka, moshi wote ukamjia Mama Gesi usoni, na hakusogea.

"Hama hapo," mama alisema. "Moshi unakujia."

Alihama. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na mama yake alimwacha alie hadi akamaliza, akamchotea maji.

"Kesho utasema," mama alisema. "Usiposema wewe, nitasema mimi. Na mimi sitaanzia kwa meneja."

* * *

Jumatatu saa tatu na nusu ukumbi wa shule ulikuwa umejaa, na waliokosa viti walisimama kando ya kuta. Nje ya geti wauza mkaa walikuwa wamefunga kipaza sauti juu ya mkokoteni, wakipiga ngoma moja isiyokwisha. Mlinzi akaamriwa kufunga madirisha yote na milango ili watu wasikilizane. Joto likapanda.

Ukumbi ule na jiko la shule vinapakana. Katikati ya ukuta kuna dirisha pana la kugawia chakula, halina kioo wala mlango. Chini ya dirisha lile waliweka kiti cha heshima kwa ajili ya mama wa marehemu, aegemee ukuta.

Mpishi wa shule alimkuta Mama Gesi kwenye korido. Ni mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kabla ya gesi alikuwa anapaka dawa ya macho kila asubuhi kwa sababu ya moshi. Leo hakuwa mcheshi.

"Pole, mama."

"Asante."

"Mimi leo napiga kura ya kufunga. Usinichukie. Sikuchukii."

"Sikuchukii."

"Siku ile moto ulinifia ghafla, sufuria zote jikoni. Nikazungusha koki zote nne huku na huku, nikawasha njiti mpaka kiberiti kikaisha, wapi. Halafu nikasikia kelele kwenu mtamboni. Nilitupa mwiko, nikakimbia. Tangu Alhamisi sijakanyaga mle. Chakula kimeozea humo humo. Na sikanyagi, hata wanifukuze kazi. Nikiona lile jiko namwona Pampu."

"Nimekuelewa," alisema Mama Gesi. Ukweli ni kwamba hakusikia hata nusu. Kichwani alikuwa anapanga maneno ya kwanza ya kusema, na kila alipoyapanga yalivunjika.

Na wewe msomaji, usiyasahau aliyoyasema mpishi.

Meneja alimvuta pembeni. Alikuwa amevaa suti, anatoa jasho, lakini anatabasamu.

"Una karatasi yangu?"

"Ninayo."

"Ina saini?"

"Haina."

"Haidhuru. Kaa tu, huna haja ya kuongea. Nimepanga kila kitu. Saa nne kamili mlinzi wa mtambo anafungua koki kuu. Nikimaliza hotuba nitaingia jikoni mwenyewe, niwashe jiko pale dirishani, wote waone moto wa buluu. Hauna moshi, hauna harufu. Siku nne wamekula vyakula vibichi na moshi wa jirani. Wakiuona ule moto, mikono itanyanyuka yenyewe. Mimi nawajua watu."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili.

* * *

Meneja alianza kuongea saa nne na robo. Aliongea vizuri, lazima tuseme. Alisema msiba ni wa wote. Akataja misitu, akataja vifua vya watoto, akataja nyumba mia mbili. Watu walimsikiliza kama wanaongoja basi.

"Mnatulisha choo," mwanamume mmoja alisema kutoka nyuma, "na sasa mnatuzika humo humo."

Kicheko kilipita, kifupi, kibaya.

"Ni jambo la kusikitisha," Meneja alisema, "lakini lazima niseme ukweli. Taratibu zetu ni salama. Marehemu, kwa masikitiko, hakuzifuata. Alikuwa na tatizo, ninyi nyote mnalijua. Siku ile hakuwa katika hali ya kawaida."

"Nani alimwona?"

Mke wa Pampu alikuwa amesimama. Hakupaza sauti.

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Wewe ulimwona amelewa? Saa ngapi? Ulikuwa wapi?"

"Tunaheshimu uchungu wako."

"Uchungu wangu nimeuacha nyumbani, unapika. Hapa nimekuja na swali."

Watu wakaguna. Meneja alipangusa paji la uso na kumtazama Mama Gesi. Kila mtu akamtazama Mama Gesi.

Alitazama chini ya dirisha. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya fimbo, anaanza kunyanyuka taratibu. Goti lilikuwa linamsumbua. Alikuwa ameshafika nusu.

"Kaa, mama," alisema Mama Gesi. "Nasema mwenyewe."

Alikwenda mbele. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamepotea, kwa hiyo alisema yale yaliyobaki.

"Mdogo wangu hakunywa. Alifuata taratibu hadi mwisho, na taratibu zenyewe nilimfundisha mimi. Hiki kinaitwa kipima. Hewa ikiwa mbaya kinalia. Kikinyamaza, unashuka. Siku ile kilinyamaza." Alikiinua juu. "Kilinyamaza kwa sababu nilikizima mimi, kwa kidole hiki. Nilikizima kwa sababu kilikuwa kinawatisha, na mimi nilitaka mtupende."

Ngoma ya nje ilisikika wazi.

"Niliambiwa nikizime, ni kweli. Lakini ningeweza kukataa. Niliondoa harufu ili msiogope. Nikaondoa sauti ili msiogope. Kitu hiki kina hatari, na moshi una hatari, na mngeniuliza ipi kubwa ningewaambia moshi, hata leo. Lakini hamkuniuliza, na mimi sikuwaambia. Niliwafichia. Basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyetukana. Mke wa Pampu alitoka kwenye safu yake akaja hadi mbele, na watu wa mbele walivuta miguu yao, wakidhani atampiga.

Hakumpiga. Alisimama karibu sana.

"Kwa hiyo hicho ndicho kilichokuwa mfukoni."

"Ndicho."

"Ulinidanganya juu ya mwili wake."

"Ndiyo."

"Nitakuchukia, wifi. Sijui kwa muda gani. Lakini mwanangu nitamwambia umesema. Kiwashe."

"Nini?"

"Kiwashe. Nataka kuisikia hiyo sauti. Mume wangu hakuisikia, basi nisikie mimi."

Mama Gesi aliwageukia watu. "Kikiwashwa kinalia mara moja kujijaribu, kisha kinanyamaza. Msishtuke."

Alibonyeza. Kipima kikalia mara moja, kikali, kikanyamaza. Mtoto mmoja akacheka. Wifi alifumba macho akatikisa kichwa, kana kwamba ameambiwa kitu alichokuwa akikijua.

"Asanteni," Meneja alisema kwa haraka. Alikuwa amekwisha kusoma nyuso za watu, akaona kura inamponyoka. "Asanteni. Tumesikia maneno mazito. Lakini maneno ni maneno. Ngojeni muone kwa macho." Akashika njia ya mlango wa jikoni, akipapasa mifuko ya koti.

Kipima kikalia.

Kikalia tena. Kisha hakikunyamaza.

"Ndiyo hii?" wifi aliuliza, machozi yakimtiririka sasa, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mtu akimwita kutoka mbali. "Ndiyo hii sauti yenyewe?"

Mama Gesi hakujibu. Alikuwa anatazama kioo kidogo cha kipima. Namba zilikuwa zinapanda. Alipiga hatua moja kuelekea dirisha la chakula, zikapanda haraka zaidi.

Hewa ya ukumbi haikunuka kitu. Isingenuka. Yeye ndiye aliyeleta kichujio.

Hapo maneno ya mpishi yakamrudia yote, kana kwamba yanasemwa sasa sikioni. Koki zote nne, huku na huku. Akatupa mwiko, akakimbia. Hakurudi. Na koki kuu imefunguliwa saa nne kamili. Alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika tano.

"Tokeni nje," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Fungueni milango. Tokeni."

"Tumekisikia, mama," mtu alisema kwa upole kutoka safu ya tatu. "Tumeamini. Kizime sasa."

"Siyo onyesho. Ni gesi. Iko humu."

"Kizime, kinatuumiza masikio."

"Kizime hicho," wengine wakadakia, na walikuwa wanamhurumia, walidhani ni uchungu unamsemesha. Nje ngoma ya wauza mkaa ilipanda. Mlinzi aliyekuwa mlangoni alitabasamu, akajishikiza vizuri zaidi kwenye komeo.

Mama Gesi alikimbia. Alipita katikati ya viti, akakanyaga miguu ya watu, kipima kikilia mkononi kama kitu kinachochinjwa. Kupitia dirisha la chakula aliliona jiko, sufuria nne za Alhamisi zikiwa zimeota ukungu, na nyuma yake suti ya Meneja. Alikuwa ameshafika. Alikuwa anawageukia watu, uso umechangamka, mkono mmoja umeinua kiberiti juu wote wakione.

"Usiwashe," Mama Gesi alipiga kelele. "Usiwashe, koki ziko wazi."

Meneja alitabasamu na kutikisa kichwa, kama mtu aliyechoka kuharibiwa kazi. Akafungua kiberiti.

Chini ya dirisha, mama yake alikuwa bado ameegemea ukuta. Alinyoosha mkono, akamshika binti yake upindo wa nguo alipopita karibu naye, akamvuta.

"Basi, mwanangu," alisema. "Umeshasema. Kizime sasa upumzike."

Juu ya kichwa chake, njiti ilikwaruzwa mara moja. Haikushika. Meneja akaitupa, akachukua nyingine.